Ghorofa la Babu na Lipu ya Lumbu Wangu

Yule binti wa chuo aliponiuliza mchoro wa nyumba uko wapi, nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Nikamwambia, mjukuu wangu, mchoro wa nyumba hii uliparuliwa na kuku kabla mimi sijazaliwa. Akadhani namtania. Akaandika hivyohivyo kwenye simu yake, kisha akanitazama usoni aone kama nitacheka tena. Sikucheka. Ilikuwa kweli.

Alikuja na bodaboda kutoka Korogwe mjini, vumbi limempaka nywele mpaka zimekuwa nyekundu kama zangu nilipokuwa bado natia hina. Anasomea majumba ya zamani, ndivyo alivyosema, na mtu amemwambia huku kwetu Kwedizinga kuna ghorofa la udongo. Si la tofali wala la mawe. Udongo, miti na fito, vyumba chini na vyumba juu. Akataka nimpe historia ya nyumba na ya mtu aliyeibuni. Nikamwahidi nitaiandika, na mimi sipendi kubaki na ahadi ya mtu.

Ila nianze kwa kusema ukweli, kuandika kwangu ni kwa kuungaunga. Shule niliingia nikatoka. Mama alijifungua, mtoto akahitaji mgongo wa kubebwa, na mgongo uliokuwa karibu ulikuwa wangu. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, nimeshazaa. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, anaona haya kutugombeza, na sisi wanawake tulikuwa tunamchokoza makusudi. Basi atakayeona nimeruka hapa na kurudi kule anisamehe. Kichwa changu ndivyo kinavyotembea, na magoti pia.

Babu yangu, baba yake mama, ndiye aliyeibuni. Alikuwa fundi seremala pale Mnyuzi, kwenye reli, anarekebisha milango na paa za nyumba za stesheni. Baadaye akaitwa kwenye shamba la mkonge, kwenye nyumba ya meneja, nyumba ya juu, upepo unapita chini yake na mtu amekaa juu anakunywa chai. Babu hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alisimama chini ya ile nyumba akaitazama jinsi boriti zilivyobebana, akarudi nayo kichwani mpaka Kwedizinga, kwa miguu.

Sasa hapa watu wana hadithi yao. Bibi yangu alikuwa Mshambaa wa huko milimani, Mpale, amezaliwa kwenye ukungu. Babu akamleta huku chini kwenye joto. Wanasema bibi alikuwa analia kila asubuhi kwa sababu hauoni mlima wake, na ndipo babu akajenga ghorofa ili mkewe apande juu atazame kwao. Siku ambazo hakuna vumbi, kutoka dirisha la juu unaiona kweli Usambara, ya bluu, imelala. Hadithi nzuri. Wanawake wanaipenda sana, wanawapiga waume zao nayo kichwani.

Nilimwuliza bibi mwenyewe. Akasema, "Mlima nautazama wa nini? Mlima ule nimebebea kuni tangu mdogo, nimeuchoka. Mimi juu nilikuwa napanda kuanika kunde, mbuzi wasizifikie." Akatema mate pembeni. Lakini nakumbuka pia kwamba kunde alikuwa anazianika upande mmoja tu, upande wa dirisha lile, na alikuwa anakawia sana kushuka. Nami sisemi kitu.

Nirudi kwenye mchoro. Babu alifyeka kiwanja, akakipiga maji, akakishindilia kikawa kigumu. Kisha akachukua majivu ya jikoni kwenye ungo, akamwaga mistari. Chumba hiki, chumba kile, ukumbi, jiko, mlango hapa, ngazi pale. Alipomaliza akamwita bibi akamwambia, "Ingia ukae." Bibi akauliza akae wapi, mbona ni uwanja mtupu. Babu akamwambia akae humo kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Apike humo, apokee wageni humo, alale mchana humo, na asivuke mstari ila penye mlango.

Bibi alisema, "Nilale juani kama ngozi ya mbuzi?"

"Uko ndani," babu akamjibu. "Jua liko nje."

Kijiji kizima kikaja kutazama. Mzee mmoja jirani akasogea mpaka kwenye mistari, akasema, "Mgosi, hii ni nini, mkeo amelala chini mbele za watu?"

Babu akamwambia, "Yuko chumbani kwake. Wewe ndiye unayemchungulia."

Mzee wa watu akaruka nyuma kama amekanyaga kaa la moto, na watu wakacheka, lakini toka hapo hakuna aliyethubutu kutazama upande ule. Basi bibi akakaa. Akapika, akaona moshi unaelekea pale alipoweka kitanda, akasema. Babu akafuta mstari kwa unyayo akahamisha jiko. Akapita na ndoo kichwani, akaona mlango unambana, babu akaupanua. Jua lilipozama bibi akasema, "Haya. Hapa nitakaa." Babu akapigilia vigingi kwenye pembe zote. Asubuhi kuku walikuta majivu, wakaoga humo, wakaparua kila kitu. Ndio huo mchoro.

Lakini kitu chenyewe cha nyumba ile hakikuwa ghorofa. Kilikuwa kuta. Nyumba ya udongo inaisha kila mwaka. Mvua inailamba, na kila mwaka lazima ikandikwe upya. Babu alijua nyumba kubwa namna hiyo mwanamke mmoja hataiweza. Akazigawa kuta kwa wanawake wa nyumba. Huu wa mkewe, ule wa dada yake, ule wa binti yake mkubwa, hivyo hivyo kuzunguka. Kila baada ya mavuno, kila mmoja anakuja na udongo wa kichuguu na samadi anakandika ukuta wake, anamalizia kwa vidole. Vidole vinaacha mistari. Mama yangu alikuwa anapitisha vidole kama anapunga, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Ukipita mbali unajua huu ni ukuta wa mama. Shangazi mmoja wa mama alikuwa mvivu, wake ulikuwa kama umepigwa na fisi.

Na babu akaweka sheria. Ukuta wa mtu hauguswi na mtu mwingine. Ukitaka kuutoa, unampa mwenzako kwa mkono wako: unasimama naye mbele ya ukuta, unammwagia maji kiganjani, basi, ni wake. Vinginevyo ni wako mpaka ufe. Na ukifa, siku ya arobaini yako wanaubandua udongo wako wote, na mrithi wako anakandika wa kwake juu ya fito zilezile. Hapo ndipo tunajua umeondoka kweli. Kwa hiyo kwetu, ukibandua ukuta wa mtu mzima, unamzika. Hata kwa utani hatusemi. Mtoto akicheza na kubandua kipande cha ukuta wa bibi yake, anachapwa, na bibi anaoga maji ya majani kuondoa mkosi.

Watu wakaenda mjini. Wengine walifuata waume, wengine mashamba, wengine hawakufuata kitu, walienda tu. Mimi niliolewa Mnyuzi. Mume wangu alikuwa anauza chai na mihogo ya kuchemsha kwenye stesheni, treni ikifika anakimbia na sinia kichwani, treni ikakoma kuja, naye akakoma kuwa mtu wa maana. Aliondoka akaniacha na sinia. Hiyo ni habari nyingine, wala si nzuri. Ninachosema ni kwamba mavuno yalifika, kuta zikabaki bila wenyewe, na nyumba ikaanza kuonyesha fito kama ng'ombe wa kiangazi anavyoonyesha mbavu.

Ndipo lumbu wangu akarudi. Lumbu ndivyo tunavyoitana kwetu, kaka na dada. Mimi ni lumbu wake na yeye ni lumbu wangu, amenitangulia kuzaliwa. Alikuwa Dar miaka mingi, fundi wa kupiga lipu. Majumba ya watu, mahoteli, kuta ndefu mpaka unakosa pumzi ukizitazama. Hakuwahi kulala hata kwenye moja ya nyumba hizo. Alirudi na chepe lake, mwiko wake, na mifuko ya saruji kwenye lori, akasimama mbele ya ghorofa la babu akalia. Nilikuwepo, nilikuja kumpokea, nilimwona. Mwanaume mzima, kofia mkononi.

Akasema, "Nimepiga lipu nyumba za dunia nzima, ya kwetu inaoza."

Hakuvunja sheria. Hapo watu wasimsingizie. Alizunguka kwa kila mwanamke aliyebaki na ukuta, amebeba sukari na kanga, akaomba. Alipanda mpaka Mpale kwa binti wa yule shangazi mvivu. Alikuja Mnyuzi kwangu, kwa sababu ukuta wa mama nilikuwa nimeurithi mimi, ingawa mistari ya mama sikuwa nimeibandua. Arobaini yake ilipofika nilishindwa, nikaugusa pembeni tu, wazee wakafumba macho wakaniachia. Lumbu wangu akasema, "Nitaufunika, sitaubandua. Mama atabaki ndani." Nikaenda naye, nikasimama mbele ya ukuta, nikammwagia maji kiganjani. Wanawake wote walimmwagia. Tulikuwa na furaha kama ya harusi.

Na lipu ilipendeza, jamani. Laini kama sahani. Nyumba nzima nyeupe, juu na chini, mvua inagonga inateleza. Watu walitoka Handeni mjini kuja kupiga picha. Hakuna tena kuchimba kichuguu, hakuna samadi kwenye kucha. Lumbu wangu alikuwa anakaa barazani jioni na kutazama watu wanavyotazama. Ndicho kitu pekee alichopata kutufanyia, na alikifanya vizuri kuliko mtu yeyote tuliyemjua.

Mume wangu alipokwisha kuondoka nami nikarudi Kwedizinga, tukawa wawili wazee ndani ya ghorofa. Kisha kiharusi kikampiga lumbu wangu. Mkono wa kulia ukafa, ule wa mwiko. Mguu ukawa wa kuburuza. Mdomo ulibaki mzima, nao ulikuwa mkali vya kutosha kwa mwili wote.

Sasa ndio yule binti anafika. Baada ya kucheka habari ya kuku, akazunguka nyumba. Akawa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasogeza sikio, anagonga tena. Mahali pengine palilia ko, kama kibuyu. Akachuchumaa chini, penye msingi, akanionyesha lipu imevimba.

"Bibi," akasema, "udongo unapumua. Unanyonya maji chini na kuyatoa pembeni. Saruji imeziba. Maji yamebaki ndani. Humu ndani ukuta unageuka tope, na mchwa wako humo."

Nikamwuliza kwa hiyo.

"Kwa hiyo lipu itolewe yote kabla ya masika, ukuta ukauke, ukandikwe udongo kama zamani. Miti mingi bado mizima, nimeichokonoa. Nyumba inaweza kupona. Ila masika ikiikuta nyumba hivi, bibi, msilale humu."

Alisema kwa upole, kama nesi.  Nikageuka nikamwona lumbu wangu kwenye kiti chake barazani, anatutazama. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo babu," binti akamwambia.

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

Binti wa watu hakuelewa. Nikamsindikiza mpaka kwenye bodaboda nikamweleza habari ya kuta, ya maji kiganjani, ya arobaini. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na babu mwenyewe akikubali?" Nikamwambia akikubali, kuta ni zake, anaweza kuzibandua kwa mkono wake au kunirudishia mimi. Akasema, "Basi muombe, bibi. Muombe sana." Akaahidi atakuja na wanafunzi wenzake, watafanya kazi bure, tukimwita tu.

Nikaanza kumwomba. Kiangazi chote kile kazi yangu ilikuwa hiyo. Nikimpelekea uji, nikimkanda mguu, nikimtoa juani.

"Lumbu, nyumba itaanguka."

"Lipu yangu haianguki. Niliweka mchanga wa mto, nikaupepeta mwenyewe."

"Lipu haianguki, lumbu wangu. Udongo ndio unaanguka, ndani yake."

"Basi udongo ni wa babu yenu, mkamdai babu yenu."

Siku nyingine nilimjia kwa njia nyingine. Nikamwambia si lazima kubandua, anirudishie tu ukuta wa mama, mmoja, nimwagiwe maji, nyingine abaki nazo.  Mate yalikuwa yanamtoka upande mmoja wa mdomo, nikamfuta, akausukuma mkono wangu.

"Unanianza kwa vipande," akasema. "Leo ukuta, kesho mwingine. Kama mtu anayechuna mbuzi. Mkono umekufa, mguu umekufa, sasa unataka tuhesabu na kuta. Ukimaliza utabaki na nini cha mimi, lumbu? Hebu nionyeshe. Nini kingine nimefanya hapa duniani?"

 Mke hakuwa naye, alikufa mapema. Watoto hakujaliwa. Nilitazama huku na kule nikatafuta kitu kingine alichokifanya, kweli kabisa, sikukiona. Palikuwa na nyumba nyeupe tu.

Nikawapigia simu wajukuu zangu walioko mjini. Mmoja akasema, "Bibi, hiyo nyumba imechoka, tutawajengea ya tofali, vyumba viwili na kibaraza, mpumzike." Nikamwambia sitaki kupumzika, nataka nyumba ya babu. Akasema, "Sawa bibi," ile sawa ya mtu ambaye ameshaweka simu mezani. Mwingine, huyu anapenda kuongea kama vijana wa Dar, akasema, "Bibi, we bandua tu, mzee atazingua siku mbili atazoea." Nikamjibu hajui anachosema. Watu wakilelewa mbali wanajua nyumba ni nyumba.

Na majirani? Majirani waliniambia kama sheria ya babu isemavyo. Usimguse. Mwanamke mmoja tuliyekua naye, yeye ndiye aliyewahi kuwa na ukuta wa upande wa ngazi, alikuja akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Shoga yangu, akifa baada ya wewe kubandua, utalala wapi?" Nikamwuliza, na nyumba ikituangukia? Akasema, "Hiyo ni ya Mungu." 

Binti alipiga simu mara nyingi. Mwisho nikawa sipokei. Simu inalia kwenye mfuko wa kanga, naiacha ilie.

Masika ilianza kwa wingu kutoka upande wa Korogwe, likafunika milima yote. Mwanzoni ilinyesha kistaarabu. Lumbu wangu alikuwa na furaha ya ajabu. Kila mvua ikikatika ananiita, "Njoo uone, imeteleza yote, hata tone!" Na kweli nje palikuwa pakavu upesi. Mimi nilikuwa naweka kiganja ukutani kwa ndani, chumbani kwangu, naona ubaridi kama wa mtungi. Nilihamisha vitanda vyetu tukawa tunalala jikoni, kwenye banda la bati. Alinuna lakini alikubali, alisema anafanya kwa ajili yangu kwa sababu wanawake ni waoga.

Ilianguka mchana, mvua imeshakatika na jua limetoka. Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo. Hapakuwa na kishindo kama nilivyokuwa nikingoja. Palitoka sauti kama ya mtu mnene anayekaa chini kwa uchovu. Nikageuka. Lipu ilikuwa imesimama peke yake, nyembamba, nyeupe, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Tope lilikuwa limetoka chini, jekundu, linatambaa polepole mpaka kwenye miguu ya kiti cha lumbu wangu. Kisha boriti ya juu ikainama, na ghorofa la babu, kule juu alikokuwa akisimama bibi na kunde zake, likashuka mbele ya macho yetu. Nilipiga kelele nikamwendea, nikamvuta na kiti chake mpaka uwanjani.  Alikuwa anatazama lipu. Ilisimama bado, vipande virefu, kama majani ya mgomba, halafu nayo ikavunjika.

Ukabaki ukuta mmoja, wa mama, kwa sababu ulikuwa upande ambao maji hayakusimama sana. Majirani walikuja, wakaondoa bati, wakatupa pole. Wengine walipiga picha tena, kama zamani.

Lumbu wangu nilimlaza kwenye banda la jikoni. Nilimkanda mguu, nikamlisha. Asubuhi moja akaniambia niburute kiti chake mpaka mbele ya ukuta uliobaki. Nikakiburuta. Akasema niletee maji kwenye kata. Nikaleta. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki, basi akashika kata kwa kushoto, akanimwagia kiganjani. Nusu yalinimwagikia gauni.

"Sasa bandua," akasema.

Nikamwambia, "Lumbu, hapana. Tuuache usimame."

"Bandua nikiona. Msije mkabandua mimi sipo, mkaharibu."

Nilichukua tindo na nyundo yake mwenyewe. Aliniamuru kama msaidizi wake wa Dar: piga kwa pembeni, usipige katikati, inua, usikaze mkono, mbona unapiga kama unapepeta? Lipu ikatoka kwa kipande kikubwa, kama ganda la muhogo. Nilitaka kuona mistari ya mama. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo. Chini ya lipu palikuwa na tope na njia za mchwa. Mistari haikuwepo, ilikuwa imeyeyuka zamani, labda tangu miaka ya mwanzo tulipokuwa tunashangilia.

Lumbu wangu akasema, "Geuza hicho kipande."

Nikakigeuza. Mgongoni mwa lipu palikuwa na mistari. Saruji ilikuwa imeishika siku ile aliyoipaka, nusu duara juu ya nusu duara, magamba ya samaki, lakini kinyume. Palipokuwa na mfereji wa kidole cha mama palikuwa na tuta. Nikaweka vidole vyangu nipitishe alipopitisha. Havikuingia. Vilikuwa vinapanda juu na kuteleza. Nikajaribu na mkono mwingine. Lumbu wangu alikuwa ananitazama, akaelewa, akageuza uso.

Alikufa kabla ya masika kuisha. Alikufa mchana, akiwa ametaka chai, na chai ilipofika alikuwa ameshaondoka. Tulimzika karibu na babu. Wajukuu wa mjini walikuja, walilia kweli, sina ubaya nao. Walipima kiwanja cha ile nyumba ya tofali.

Siku ya arobaini wanawake walikuja. Sikuwaita, waliikumbuka wenyewe. Yule shoga yangu wa ukuta wa ngazi alikuja na beseni la udongo wa kichuguu kichwani, kwa mazoea, na wengine wawili nyuma yake nao na mabeseni. Walifika uwanjani wakasimama. Mvua ilikuwa imechukua hata ukuta wa mwisho. Kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa ya lumbu wangu, tulitakiwa kubandua kuta zote, na hapakuwa na hata mmoja.

Shoga yangu akasema, "Leta majivu. Tuchore palipokuwa, tubandue hata kwa mkono mtupu."

Nikaleta majivu kwenye ungo. Nikaanza mstari kutoka kwenye jiwe la kizingiti. Mara mmoja akasema, "Hapo umeingia ndani, ukuta ulipita huku."

"Huku palikuwa na mlango."

"Mlango gani? Mlango ulikuwa unatazama mzambarau."

"Mzambarau ulikatwa hata hujaolewa, unazungumza nini?"

"Nimekandika ukuta ule mpaka kucha zikatoka, leo unaniambia sijui ulipopita?"

Tulifuta, tukachora, tukafuta. Ngazi haikupata mahali. Chumba cha mama nilikichora mimi mwenyewe, nilimozaliwa, na kilitoka kidogo hata kitanda kisingeenea. Mistari haikukutana. Mwisho wakawa hawabishani tena, wamekaa chini na mabeseni yao, na shoga yangu akaniangalia akasema, "Uache mchoro." Nikauacha.

Hawakutaka kurudi na udongo nyumbani, ni mkosi. Wakaumwaga palepale, katikati, tukasoma dua tukatawanyika. Kuku walishakuja kwenye majivu kabla hatujafika njiani.

Sasa nakaa kwenye nyumba ya tofali. Ina joto la tanuri, na dirisha lake linatazama ukuta wa choo. Kile kipande cha lipu nimekiegemeza karibu na kitanda, uso wake ukutani, mgongo kwangu. Jana nilipokea simu ya binti. Aliuliza, "Bibi, babu alikubali? Tuje na vifaa?" Nikamwambia babu alikubali. Akafurahi sana, nikamsikia anawaambia wenzake. Nikamwacha afurahi kidogo, kisha nikamwambia na yaliyobaki.